Kaburi la Nyamizi Itetemia

Raimo Hietakorpi nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Wazazi wake walikuwa walimu wa misheni ya Wafini hapa Itetemia, Tabora, nami nilikuwa yaya wao, msichana wa miaka kumi na mitatu. Mama yake aliitwa Aino, lakini kina mama wa hapa walimwita Nyamizi, jina letu la Kinyamwezi, na jina hilo aliliitikia mpaka kufa. Alikufa kwa malaria mwaka 1979. Siku mbili kabla, nilipokuwa namkanda kwa kitambaa chenye maji, alinishika mkono.

"Koleta, nizikwe hapa. Wasinipeleke popote. Niahidi."

Nilimwahidi mbele za Mungu. Akazikwa nyuma ya kanisa dogo la misheni, na tangu siku hiyo kaburi lake nalipalilia mimi.

Baba mtu alirudi Ufini na mtoto. Raimo alikuwa na miaka kumi na moja. Yaliyofuata niliyapata baadaye kwa Tobias, mtoto wa kaka yangu, anayetufundisha sisi watu wazima masomo ya jioni na ambaye husoma habari za dunia nzima kwenye simu yake. Raimo aliendesha malori, akawa diwani, kisha mbunge kwa vipindi viwili. Alisema Ufini ni ya Wafini. Aliandika kwamba Waafrika waliohamia mjini kwake ni mzigo ambao hakuna aliyeuomba, mahakama ikamtoza faini. Chama chake kikamfukuza, naye akaanzisha cha kwake. Wapo waliomtemea mate barabarani, na wapo waliosimama kwenye theluji saa nzima ili wamsikie. Uchaguzi uliopita alikosa kiti kwa kura chache.

"Shangazi, huyu ndiye mtoto wako?" Tobias aliniuliza.

"Ndiye. Alikuwa akinyimwa matobolwa analia mpaka anatapika. Ungemwona anakula viazi vile vikavu, usingedhani ni Mzungu."

Mwezi wa Kwanza Tobias alikuja bila utani wake wa kila siku. Raimo alikuwa ametangaza kwenye mkutano wa kampeni kwamba atamfukua mama yake na kumrudisha Ufini. Kila mtu alale kwao, ndivyo alivyosema. Kibali alishapata, na alikuwa anakuja na mpiga picha.

Nilisali rozari siku tisa. Niliomba kitu kimoja tu, kaburi lisiguswe. Lakini nilijua neno la yaya ni jepesi mbele ya karatasi ya serikali. Ndipo nilipokwenda kwa Mzee Fikiri, Mzaramo aliyekuja Tabora kufanya kazi ya reli akiwa kijana na hakuondoka tena.

"Huyo marehemu mlimwita nani?" aliniuliza.

"Nyamizi."

"Basi ni mtani wangu. Niachie. Tena nina shauri la zamani na ukoo ule."

Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu wapagazi wetu walipokuwa wakishuka pwani na meno ya tembo. Mtani ana haki msibani. Humsema marehemu vibaya, hulala kaburini, huzuia mazishi mpaka apewe anachotaka. Anayemkasirikia hutozwa faini.

Raimo alifika Jumanne asubuhi pamoja na bwana afya, wachimbaji wawili na yule mpiga picha. Alikuwa mtu mkubwa mwenye upara.

"Shikamoo, dada Koleta," alisema. Kiswahili chake kilikuwa bado cha mtoto.

"Marahaba, baba. Umenenepa."

Alicheka. Kisha akamwona Mzee Fikiri amelala kwenye mkeka juu ya kaburi, kofia usoni.

"Nani huyu?"

"Mwenye nyumba," Mzee Fikiri alijibu bila kuinuka. "Wewe mgeni, nani kakuruhusu kuingia?"

Raimo akamwonyesha kibali.

"Mihuri mizuri. Lakini wageni mmetuchosha. Mnakuja hamkuombwa, mnataka kuchukua vyetu. Huyu Nyamizi ni Mnyamwezi, mla michembe ya viazi, mbishi kama Wanyamwezi wenzake, na chai yake haikuwa na sukari. Simpendi hata kidogo. Lakini ni wetu. Rudi kwenu!"

Watu waliokuwa kwenye ua wa kanisa walicheka. Raimo alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Aliinama, akauvuta mkeka kwa nguvu, Mzee Fikiri akabiringika hadi kwenye majani.

Mzee Fikiri alikaa, akajipangusa. "Mmeshuhudia. Amekasirikia utani. Jogoo mmoja, mwekundu."

Nilidhani Raimo ataita polisi. Badala yake alisimama ameushika ule mkeka.

"Mtani," alisema polepole. "Siku tuliyomzika mama, kulikuwa na mtu amelala ndani ya kaburi. Baba alimpiga teke. Alisema ni mlevi."

"Ubavu wenyewe huu hapa," Mzee Fikiri akapandisha shati. "Kwa hiyo majogoo ni wawili."

Watu wakaangua kicheko tena, lakini Raimo hakucheka. "Kwa nini ulilala kwenye kaburi la mgeni?"

"Nani alikwambia ni la mgeni? Mgeni tunamzika kwa adabu, tunakwenda zetu."

Hapo nilijua nisiposema sasa sitasema tena. Nikamwambia maneno ya mama yake yote, na mkono ulivyokuwa wa moto.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na miaka kumi na moja, baba. Halafu ukawa mbunge."

Alitaka niyarudie. Nikayarudia. Alimwambia mpiga picha kitu kwa lugha yao, yule akafunga kamera.

"Tuchimbe, mheshimiwa?" bwana afya aliuliza.

Raimo alimrudishia Mzee Fikiri mkeka. "Hapana."

Mchana huohuo alileta majogoo wawili kwa mkono wake mwenyewe, na kesho yake akaondoka. Nilimshukuru Mungu kwa machozi.

Baada ya miezi mitatu Tobias alitusomea kwamba Raimo ameshinda. Watu wake aliwaambia kibali cha Tabora kilikuwa na kasoro. Mengine aliyasema yaleyale, kwamba kila mtu abaki kwao.

"Na Nyamizi?" nikauliza.

"Hakumtaja, shangazi."

Niliomba kaburi, nikapewa kaburi. Moyo wa Raimo sikuwa nimeuombea, nadhani niliuona mkubwa mno kwangu. Sasa nauombea kila asubuhi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa napalilia pale, Mzee Fikiri akapita na baiskeli.

"Mwambie mtani wangu," alipaza sauti, "jogoo mmoja alikuwa mgumu. Mwanawe bado nina shauri naye!"