Mtihani Baada ya Jua Kuzama

Tangu asubuhi walikuwa wamefungiwa wawili katika stoo ya chuo: mwanafunzi wa ufundi umeme, binti ambaye darasa zima lilimwita Volti, na msimamizi wake wa mtihani, mzee aliyefunga miwani yake kwa uzi. Wenzake Volti walishaandika mtihani wa leseni na kwenda zao. Yeye ni Msabato, na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Kanuni mpya ya wizara ilimruhusu kuandika jua likizama, mradi akae ndani bila simu wala kuonana na mtu, asije akavujishiwa maswali.

Haki alipewa. Chumba alichopewa hakikuwa na taa.

"Balbu nzima kabisa," msimamizi alisema, akibonyeza swichi kwa hasira. "Sasa si wewe ndiye fundi? Hebu inuka ututengenezee."

"Siwezi, baba. Hiyo ni kazi, na sabato haijaisha."

"Makubwa haya! Fundi umeme anafanya mtihani gizani."

"Nadhani waya umechomoka nyuma ya swichi. Jua likizama tu, nautengeneza."

Mzee alimpigia simu mkuu wa mitihani. Sauti ya mkuu ilisikika hadi kwenye kiti cha Volti: hakuna chumba kingine, na bahasha ya mtihani ifunguliwe jua likizama, muda uanze hapo hapo. Ikicheleweshwa bila sababu iliyo kwenye kanuni, karatasi inafutwa.

Volti aliinamisha kichwa. Kufutiwa ni kusubiri mwaka mzima, na kampuni iliyomwahidi kazi ilisema wazi: bila leseni asikanyage pale. Akianza kuandika gizani, ataichora michoro ya saketi kwa kupapasa.

"Hiyo taa nitaitengeneza ndani ya muda wangu," alisema.

"Utapoteza swali zima."

"Nitafanyaje sasa?"

Dirishani anga liligeuka jekundu, kisha la kijivu. Mzee aliichukua bahasha, akaipimapima mkononi.

"Binti, kile kifungu chako kwenye kanuni, umesoma kinachofuata?"

"Hapana."

"Ndiyo tabia yenu, kila mtu anasoma chake tu! Kinasema msimamizi naye asizuiwe kuswali wakati wake ukifika." Alianza kukunja mikono ya shati. "Na magharibi ndiyo hii imeingia. Mtu aliye kwenye swala hafungui bahasha ya mtu."

Alitawadha kwa maji ya chupa, akaitia bahasha kifuani, ndani ya shati. Kisha akamsogezea Volti bisibisi aliyomnyang'anya asubuhi.

"Sabato imeisha?"

"Imeisha."

"Basi usinisemeshe."

Alitandika mkeka wake kuelekea kibla. Volti alizima swichi kuu iliyokuwa juu ya mlango, akafungua ile ya ukutani na kuchungulia kwa mwanga hafifu wa korido. Waya ulikuwa umechomoka kweli, na ncha yake imeungua. Aliumenya upya, akaukaza, akarudisha umeme kujaribu. Giza. Skrubu ilikuwa imelegea upande wa pili! Nyuma yake mzee alikuwa bado kwenye sijda.

Alizima umeme, akakaza tena, akauwasha. Taa ikawaka.

Mzee alitoa salamu kulia na kushoto, akainuka taratibu akishika goti.

"Leo umeswali ndefu, baba."

"Nilikuwa na mengi ya kuomba." Aliitazama balbu, akaichana bahasha. "Andika. Muda wako unaanza sasa."