Kumi la Kwanza kwenye Msonobari

Kila mwaka, mipichi ikishachanua na watu wakishakunja mablanketi mazito, baridi hurudi kwa siku tano sita kuyaonea maua wivu. Pil-lye aliijua tabia hiyo kwa miaka yake yote sabini na minne. Lakini mwaka huu baridi ilirudi na theluji, ikamkuta ameshafua suruali zake za ndani za sufu na kuzifungia sandukuni. Tena ilimkuta peke yake, kwa mara ya kwanza.

Jumatatu jioni simu ililia. Alikuwa binti yake, Eun-hui, anayeishi Seoul.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Umetoka nje leo?"

"Nimetoka."

Mbele yake palikuwa na bakuli la wali wa jana uliotiwa maji ya baridi, na kipande kimoja cha kimchi, kabichi ya pilipili iliyochachuliwa. Huko kutoka kwenyewe kulikuwa kuchungulia mlangoni, akaona theluji juu ya mpichi, akafunga. Tangu asubuhi alikuwa amejilaza kwenye ile pembe ya sakafu ambapo mabomba ya maji moto ya kupasha nyumba hupita karibu zaidi.

"Mama Dong-gil ameniambia hujaonekana kwenye ukumbi wa wazee wiki mbili," alisema Eun-hui. "Jumamosi nakuja na gari. Weka nguo zako tayari."

"Nguo za nini?"

"Za kuja kukaa kwangu. Nyumba tutaifunga."

"Maua hayajaanguka hata moja, wewe unataka kufunga nyumba!"

"Sikiliza, Mama. Nikikukuta unakula na unatembea, tutazungumza. Nikikuta vingine, unaingia garini. Baba nimemzika. Sitaki nikuzike na wewe kwa sababu tu umeona uvivu kupika."

Simu ikakatika. Pil-lye aliitazama ile nyumba. Ukuta wa jikoni alikuwa amemshikia taa marehemu mumewe, Chil-bok, alipokuwa akiusawazisha kwa mwiko miaka arobaini na tisa iliyopita. Kule Seoul binti yake aliishi ghorofa ya kumi na saba. Alikwenda mara moja, akakaa siku nne, na siku zote nne hakukanyaga udongo. Akaliangalia bakuli lake la wali baridi, akasema, "Bwana, usiniondoe hapa." Kisha akaona aibu, kwa kuwa alikuwa anaomba amelala.

Jumanne asubuhi Mama Dong-gil alisukuma mlango bila kubisha. Alikuwa jirani yake, mdogo kwake kwa miaka minne, na mkononi alikuwa na kikapu cha mboga mwitu za masika alizozichimbua chini ya theluji, mizizi yake mirefu bado ina udongo.

"Dada! Bado uko hai, au nimwite mchungaji aje kukuzika?"

"Wewe ndiye uliyekwenda kunisemea kwa mwanangu."

"Mimi ndiye. Na nikiulizwa tena nitasema tena. Inuka tupike supu. Dagaa wa kuchemshia wako wapi?"

"Kwenye friza."

Mama Dong-gil alifungua friza. Kifurushi kimoja kikamwangukia mguuni, kizito kama jiwe, kikifuatwa na kingine.

"Maskini kidole changu! Hii ni nyama ya ng'ombe?"

"Ya siku yangu ya kuzaliwa. Eun-hui alinitumia nipike supu ya mwani."

"Wewe umezaliwa mwezi wa pili! Na hawa samaki?"

"Wa mwaka mpya."

"Mbona hukuwala?"

"Namwekea Eun-hui. Akija atakula nini?"

Mama Dong-gil alimtazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Yeye anakutumia wewe, wewe unamwekea yeye! Nyama imepanda basi kutoka Seoul kuja kuganda tu! Dada, sikiliza. Huyu friza ndiye shahidi. Mwanao akimfungua, kesi imekwisha, unapanda gari. Lete mfuko. Tuibebe yote ukumbini sasa hivi. Wale wazee wetu mpaka saa saba watakuwa wameimaliza na kulamba vijiti vya kulia."

Pil-lye alinyoosha mkono kuuchukua mfuko. Kisha akaurudisha.

"Hapana," alisema. "Nimemdanganya kwa simu tangu mwezi wa kwanza. Nisimdanganye na kwa friza."

"Basi jifunze kuishi ghorofa ya kumi na saba," alisema Mama Dong-gil, lakini alisema kwa upole, akaosha mboga.

Waliikoroga supu kwa soya iliyochachuliwa, ile ya gudulia la mwisho ambalo Chil-bok alilibeba mwenyewe mpaka uani. Harufu ilipopanda, Pil-lye akawa kama anamwona marehemu mumewe anaingia mlangoni, masikio mekundu, dumu la maji kila mkono.

Kila asubuhi alipanda hadi kwenye chemchemi nyuma ya kijiji. Karibu na chemchemi palikuwa na msonobari mkubwa, naye aliupa mgongo na kujigongagonga nao, kama wafanyavyo wanaume wengi wa huko ili damu itembee. Aligonga mara mia. Lakini mia yake hakuihesabu kama wengine. Aliigawa makumi, na kila kumi aliliombea mtu. "Kumi hili la Eun-hui," alisema kwa sauti, akagonga. "Kumi hili la mama mkwe, goti lake." Baridi ya wivu ilipokuja ndipo alipowahi zaidi. Pil-lye alipomkaripia, alijibu, "Ua halina koti, na bado halijakimbia." Akirudi anakunywa bakuli tatu za supu, anaomba na ukoko wa wali.

Wakati mwingine Pil-lye alimfuata huko juu, akijifanya anaokota kuni, apate kusikia wanaotajwa. Chil-bok hakugeuka hata mara moja. Ila alipofika kwenye kumi la mwisho alipaza sauti: "Na hili la huyu anayejifanya anaokota kuni!"

Jumanne hiyo Pil-lye alikunywa bakuli moja na nusu. Mama Dong-gil alihesabu.

Jumatano alitoka. Alifika kwenye kona ya tatu ya njia ya chemchemi, penye jiwe bapa, na hapo akashindwa kuendelea. Upepo ulimpenya kana kwamba hakuvaa kitu. Alikaa juu ya jiwe, akautazama msonobari kwa mbali, akalia kidogo, akarudi chini. Alipofika nyumbani alifanya mambo mawili. Alifungua sanduku akatoa suruali za sufu. Kisha akatoa nyama ya siku yake ya kuzaliwa, akaiweka kwenye sinia iyeyuke.

Alhamisi aliamka, akakaanga nyama kwa mafuta ya ufuta, akatia mwani na maji, akaacha ichemke taratibu. Supu hiyo hupewa mwanamke aliyejifungua, na kila mwaka mtu huinywa siku aliyozaliwa. Pil-lye aliinywa miezi miwili baadaye, bakuli mbili, na yai juu ya wali wa shayiri. Tena hakula jikoni amesimama. Aliandaa meza. Aliomba baraka kwa sauti, kama mtu mwenye wageni.

Kisha akapanda. Kwenye jiwe la kona ya tatu alipumzika, akalipigapiga kama anayemuaga mtu, akaendelea.

Msonobari ulikuwa palepale. Gome lake lote lilikuwa la kukwaruza isipokuwa sehemu moja iliyolainika na kung'aa, pale ulipokuwa mgongo wa Chil-bok. Pil-lye alipoupa mgongo, ile sehemu ilifika nyuma ya kichwa chake. Mumewe alikuwa mrefu. Aliegemeza kisogo hapo kwa muda, macho amefumba, halafu akaanza kugonga. Kumi la kwanza la Eun-hui. Kumi la pili la Mama Dong-gil na mdomo wake. Akafika makumi matano, akachoka. Kumi la mwisho hakulifikia, wala hakujua angeliombea nani.

Ijumaa alifika sita.

Jumamosi Eun-hui aliingia kabla ya saa nne, amevaa koti jembamba la mjini. Hakulivua. Alikwenda moja kwa moja kwenye friza, akaifungua, akasimama hapo huku ubaridi ukimtokea usoni.

"Mama. Hawa ni samaki wa mwaka mpya."

"Ndio hao."

"Na hii ni mandu ya unga na nyama niliyoikunja kwa mikono yangu. Kwa hiyo kila jioni nikikuuliza..."

"Nilikuwa nakudanganya," alisema Pil-lye. "Nilikula wali na maji. Nyama tu ndiyo nimeipika, Alhamisi. Ningeweza kukuficha, sikutaka. Nguo zangu zile pale kwenye begi. Lakini kwanza vaa viatu vyangu vya shambani, tukachote maji."

"Kwenye baridi hii?"

"Ua halina koti."

Eun-hui alilitambua neno la babake. Tangu amzike hakuwa amelisikia tena. Akavaa viatu.

Walipanda, mama mbele na dumu, binti nyuma. Kwenye kona ya kwanza binti alikuwa bado anagomba. Kwenye ya pili alinyamaza. Kwenye ya tatu alikaa juu ya jiwe bapa, mkono kifuani, anahema kama aliyefukuzwa.

Pil-lye alisimama juu yake. "Wewe, umekula asubuhi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Upepo ulipita. Eun-hui aliangalia viatu vya mamake miguuni mwake.

"Kahawa," alisema.

"Na jana jioni?"

"Mama, kazi zilikuwa nyingi..."

Pil-lye alicheka mpaka dumu likamtoka mkononi likabingirika njiani. "Kumbe tumefundishwa na mwalimu mmoja! Inuka, mwongo mwenzangu. Supu iko nyumbani, lakini kwanza maji."

Kwenye msonobari Eun-hui aligeuka bila kuambiwa, akaupa mgongo. Alikuwa na urefu wa babake. Ile sehemu laini ilimkaa sawasawa katikati ya mabega. Alipoisikia hapo, uso ulimbadilika kama wa mtoto.

"La kwanza lilikuwa langu," alisema.

"Lilikuwa lako kila siku. Hata ulipoacha kupiga simu."

Eun-hui aligonga, polepole kwanza, akiwataja aliowakumbuka. Pil-lye aliinama kwenye chemchemi na kata ya kibuyu, akachota, ingawa dumu lilikuwa limeshajaa. Nyuma yake makumi yalikwenda, saba, nane, tisa. Kisha sauti ya binti yake ikapanda, ikikwaruza kwa kilio.

"Na hili la huyu anayejifanya anachota maji!"

Pil-lye hakugeuka. Maji yalimmwagikia mikononi, baridi mno, naye akayaacha yamwagike.

Kesho yake, baada ya ibada, samaki na mandu viliandaliwa kwenye ukumbi wa wazee, na Mama Dong-gil alipakua kana kwamba vilikuwa vyake. Eun-hui akaondoka peke yake. Begi la nguo lilibaki sakafuni mpaka Pil-lye alipolifungua mwenyewe, suruali za sufu juu kabisa.

Jumatatu jioni simu ililia.

"Mama, umekula nini?"

"Wali wa shayiri, tofu, mboga za Mama Dong-gil. Leo nimefika makumi manane. Na wewe umekula nini?"

Kutoka ghorofa ya kumi na saba, akasikia jiko linawashwa na kifuniko cha sufuria kinawekwa.

"Subiri, Mama," alisema Eun-hui. "Usikate."