Wa Mwisho Nani?

Nereyda Quiala ndiye aliyeleta wazo, na hilo hata wasiompenda hawalikatai. Kundi zima lilikuwa limekaa sakafuni kwenye ukumbi wa mazoezi, jasho linawatoka, na mwalimu Zenaida, mwenye kundi, alikuwa ameshauliza mara tatu: mwaka huu tutunge dansi gani juu ya mtu na wenzake, juu ya kufanana na kutofanana? Mmoja akasema jeshi. Mwingine akasema sare za shule. Nereyda, ambaye asubuhi ile alichelewa kwa ajili ya mkate, akasema, "Foleni."

Wakacheka. Halafu kicheko kikakatika, maana mtu wa Matanzas, mji ule wa Kuba, anaweza kusahau sala zake lakini hawezi kusahau foleni.

Na foleni yenyewe si mstari, asikudanganye mtu. Unafika dukani unakuta watu wametapakaa, huyu kivulini, yule kwenye ngazi ya jirani, nawe unauliza kwa sauti, "Wa mwisho nani?" Mmoja anainua mkono. Basi, wa mbele yako umeshamjua, na atakayekuja baadaye atakujua wewe. Ukitaka nenda nyumbani ukachemshe kahawa. Nafasi yako haiendi popote, inatunzwa na kinywa cha mwenzako. Watu wa mji ule wanaweza kuibiana kuku na kunyang'anyana waume, lakini mtu akiuliza wa mwisho nani, anajibiwa. Hata adui anajibiwa.

Walichukua miezi miwili kuitunga dansi hiyo. Wachezaji kumi, nguo kumi za kijivu, na mifuko kumi ya mkate ambayo mama yake Nereyda aliishona kwa shuka zilizochakaa. Jukwaani walipanga mstari hasa, wakajifunza kusogea pamoja, kupumua pamoja, kuhamisha mfuko kutoka mkono huu hadi ule kwa mpigo mmoja. Zenaida hakuwa na huruma. "Wewe Lázaro, bega lako linataja jina lako! Sitaki kusikia jina la mtu hapa!"

Kisha ulikuja mwisho, na mwisho ndio uliokuwa roho ya Nereyda. Yeye alikuwa wa saba katika mstari. Ngoma ya Evelio, mpiga ngoma wao, ilipobadilika, aliangusha mfuko wake pale alipokuwa, akatoka, akacheza dansi yake mwenyewe, ile aliyoichota miguuni mwa bibi yake uani, na ngoma ikaifuata miguu yake kama ilivyo desturi ya pale: mchezaji ndiye anayeongoza, ngoma inajibu. Baada ya muda mfuko wa pili unaanguka, wa nane anatoka. Halafu wa tisa, wa tano, wa kwanza, mpaka foleni inakwisha na jukwaa linabaki na watu kumi na dansi kumi.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, goti la kushoto limeshaanza kulalamika, na katika maisha yake yote hakuwahi kutunga kitu kikaitwa chake. Hiki kilikuwa chake. Na bado kila alipotoka mstarini alihisi kama yuko uchi sokoni. Kilichompa moyo ni yule wa nane.

Wa nane alikuwa Odalmis. Tangu wakiwa na miaka sita walikuwa pete na kidole: mtaa mmoja, duka moja la mgao wa serikali, na Odalmis ndiye aliyemshika mtoto wa Nereyda siku ya ubatizo. Kila mazoezi, kabla ngoma haijabadilika, Odalmis alimnong'oneza kisogoni, "Wewe toka tu, shoga. Mimi niko nyuma yako." Nereyda akasikia pumzi yake shingoni, akatoka.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi saa kumi na moja jioni, maana umeme wa usiku hauna ahadi na mtu. Ukumbi ulijaa. Mama yake Nereyda alikaa mstari wa mbele kuangalia mifuko yake.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Watu walicheka walipotambua foleni yao, wakaguna, mmoja akapiga kelele, "Mkate umekwisha!" na ukumbi mzima ukamwitikia. Ngoma ikabadilika. "Wewe toka tu," ile sauti ikasema nyuma yake. "Mimi niko nyuma yako."

Nereyda akaangusha mfuko, akatoka. Alicheza kuliko siku zote, goti likakaa kimya, miguu ikauliza na ngoma ikajibu. Jambo moja tu halikukaa sawa: Evelio hakumtazama. Mpiga ngoma humtazama mchezaji, asipomtazama atamjibu nini? Evelio aliinamisha macho juu ya ngozi ya ngoma yake kama mtu anayehesabu madoa.

Akasubiri kusikia mfuko wa pili. Haukuanguka. Alichosikia ni hatua moja, watu tisa kwa mguu mmoja, na alipogeuka hakukuwa tena na pengo. Foleni ilikuwa imesogea ikaziba. Odalmis alikuwa amesimama pale pale alipotoka Nereyda, na mfuko wa Nereyda alikuwa ameusukuma pembeni kwa mguu.

Akadhani wamesahau. Evelio akarudia mzunguko, Nereyda naye akarudia, akisema kimoyomoyo, sasa, sasa. Hakuna aliyetikisika. Alirudi mstarini, akatafuta pa kuingia, hapakuwapo, akazunguka nyuma, na kinywa chake, bila kumwomba ruhusa, kikauliza kwa sauti, "Wa mwisho nani?"

Kimya.

"Jamani, wa mwisho nani?"

Ukumbini mwanamke mmoja aliguna kama aliyepigwa. Watu mia tatu waliokuwa wakiuliza swali lile kila siku ya maisha yao walikuwa hawajawahi kuona likikosa jibu. Nereyda akamwendea Odalmis, akamsimamia usoni. Odalmis alikuwa akitazama kisogo cha wa mbele yake. Mara taa zikazimwa, safari hii kwa makusudi, na makofi yakaanguka kama mvua ya mawe.

Nyuma ya pazia Zenaida alimkumbatia, akambusu mashavu yote mawili. "Umewaona? Wanalia! Binti, wewe ni almasi. Miaka ishirini nimefundisha, sijawahi kuona uso kama ule."

Nereyda alijua kilemba cha ukoka anapovikwa. "Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba hawatatoka."

Zenaida akamshika mkono, sauti ikawa ya upole. "Mwanangu, kila mtu akitoka, huo ni uongo mtamu. Wapi umeona watu wakitoka wote? Nilifikiria siku nyingi. Dansi ilikuwa inadanganya."

"Si ungeniambia? Ningeigiza."

"Ndiyo, ungeigiza. Mimi nilitaka usiigize." Akamfuta jasho kwa kitambaa chake. "Na kesho hivyo hivyo. Pale unapouliza, usipaondoe, pazuri sana."

"Kesho nitakuwa najua."

"Utaigiza basi. Msanii si wewe?"

Kumpiga mwalimu ni mwiko, na Nereyda alikuwa na malezi. Alikwenda chumba cha kubadilishia nguo. Waliposikia mlango, wale tisa wakaingiwa na shughuli za ghafla: huyu anafungua kamba ya kiatu, yule anatafuta sabuni. Odalmis alikuwa anakunja gauni lake la kijivu, analikunja na kulikunjua.

"Tangu lini?"

"Nereyda, nisikilize..."

"Nimeuliza tangu lini."

"Jumanne."

Jumanne. Alhamisi Odalmis alikula nyumbani kwa Nereyda, wali na maharage meusi, akaomba aongezewe, akambeba mtoto mpaka akalala. Ijumaa walirudi kutoka mazoezini pamoja wameshikana mikono.

"Na leo," Nereyda akasema, "leo uliponiambia uko nyuma yangu?"

"Mwalimu alisema tusibadilishe kitu, la sivyo utashtuka." Odalmis alikuwa analia sasa. "Wote walikubali. Ningesema nini peke yangu?"

"Ungesema."

"Ni dansi tu, shoga! Watu wamependa! Dansi yako imekuwa kubwa kuliko tulivyowaza!"

Na hapo ndipo palipochoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nereyda alikuwa amemwona mama yake mstari wa mbele, ameshika mdomo kwa mikono miwili. Dansi ilikuwa kubwa. Walichukua kitu chake, wakamtupa nje yake, na kutupwa kwake ndiko kulikokikamilisha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliosema. Ila hawakusema kwamba kitakula mbele ya watu na watu watashangilia. Akauokota mfuko wake, ambao mtu alikuwa ameurudisha na kuuweka kitini kwa adabu, akaenda zake.

Jumapili asubuhi alikwenda kuchukua mkate. Watu walikuwa wachache. "Wa mwisho nani?" akauliza. Mzee Fermín, fundi saa, aliinua kofia yake.

"Mimi, binti. Lo, jana ulituua! Mke wangu hakulala. Na wale wenzio, wanajua kuigiza wale, washenzi kabisa!"

"Wanajua," Nereyda akasema.

Akakaa ukingoni mwa barabara. Haukupita muda, Odalmis akatokea kona ile, macho yamevimba, kitabu cha mgao mkononi. Akamwona. Akasimama. Angeweza kurudi nyumbani, lakini mkate haumngoji mtu mwenye aibu.

"Wa mwisho nani?" akauliza, akiitazama barabara.

Nereyda ndiye aliyekuwa wa mwisho. Hakusema kitu. Watu wakageuka. Kimya kikarefuka, naye akakiacha kirefuke, na ndani yake akaona kitu kikali na kitamu kikimpanda kifuani. Alijua sasa walichokihisi wale tisa. Haikuwa vigumu hata kidogo.

"Hee, wanacheza tena!" akacheka Mzee Fermín. "Haya, mjibu basi, jana tumeshaona!"

Uso wa Odalmis ulikuwa umeanza kuvunjika. Nereyda akainua mkono.

"Mimi."

Odalmis akashusha pumzi kana kwamba amesamehewa. Akaja akakaa karibu, si karibu sana.

"Mwalimu anauliza kama utakuja leo," Odalmis akasema.

"Nitakuja. Dansi ni yangu."

"Asante Mungu. Nilidhani..."

"Ila sitatoka mstarini."

Odalmis akageuka. "Sasa nani atatoka? Bila mtu kutoka hakuna dansi. Evelio atapiga mpaka kesho."

"Wewe. Hatua zangu unazijua, umezitazama kisogoni miezi miwili. Ubadilishane namba na mimi. Uwe wa saba, mimi niwe wa nane."

"Na nikitoka?" Sauti ya Odalmis ilikuwa imepungua. "Nereyda. Nikitoka, utaangusha mfuko? Utanifuata?"

Duka likafunguliwa. Wa kwanza akainuka, wa pili akamfuata, kila mmoja akitafuta kisogo anachokijua. Nereyda akapangusa vumbi kwenye sketi yake, akamwinamia Odalmis sikioni, karibu kabisa, ili aisikie pumzi yake.

"Wewe toka tu, shoga," akamwambia. "Mimi niko nyuma yako."