Cheti Kimekwisha, Maua Yamechumwa

...na neno alilokuwa analitamka lilikuwa "milele", ndilo lililomkwama kooni kama mwiba wa samaki, maana Lassaad alikuwa amesimama mbele ya ukumbi wa Nyumba ya Utamaduni hapo Nabeul, mkono mmoja mfukoni kama mtangazaji wa televisheni, akiwaeleza akina mama wa ushirika wa maji ya maua na wageni wao kutoka Tunis kwamba kufuli la tovuti hii linajitunza lenyewe, hamtaligusa, hamtalifikiria, ni la milele, akabonyeza, na pale ukutani, kwa ukubwa wa lango la karakana, ukatokea ukurasa mweupe wenye pembetatu nyekundu na maneno makavu: muunganisho wako si salama, huenda wapo watu wanaojaribu kukuibia... akageuka kuutazama ukuta, akageuka kuwatazama watu, akageuka tena kwenye ukuta, labda safari hii utakuwa umeona haya na kujiondokea, haukujiondokea, na mkono bado uko mfukoni, utoe, Lassaad, utoe, unaonekana kama mtu anayesubiri basi, akautoa, sasa hajui auweke wapi, nusu ya umri wake amehangaika na seva za watu, Marseille, Montréal, Doha, na katika miji yote hiyo amejifunza jambo moja tu la kufaa, kwamba kompyuta ikikuumbua wahi kujicheka kabla hujachekwa, basi akafungua kinywa akasema, "Naona tovuti yetu imewaona wageni wa mjini ikajifungia chumbani," na hakucheka mtu, au tuseme alicheka mmoja, na huyo mmoja ni Bwana Hachmi, Si Hachmi kama wanavyomwita hapa, ambaye Lassaad angetoa jino zima lisilouma ili asicheke, Si Hachmi mnunuzi wa maua, ambaye kila msimu huwapimia akina mama maua yao kwa mizani yake na kwa bei yake, leo hakualikwa lakini amekuja, amekaa safu ya nyuma na kikombe cha kahawa yenye tone la maji ya maua ya akina mama haohao, anakunywa taratibu kama mtu aliyekuja kutazama mechi ambayo matokeo yake ameshayasikia...

"Lassaad," alinong'ona Najet, binamu yake na mwenyekiti wa ushirika, bila kuacha kuwatabasamia wageni, "ni nini hicho?" na yeye, "Dakika moja," na Najet, "Dakika ya hapa au dakika ya Montréal?" swali la haki, maana dakika za Lassaad zinajulikana ukoo mzima, yeye ndiye aliyekwenda kununua mkate siku ya harusi ya dada yake akarudi keki imekwisha, lakini leo hakuna dakika, leo ndiyo siku yenyewe ya kufungua maagizo, maua ya midanzi, ile michungwa michungu, hayakai mtini, yanafunguka majuma machache ya masika na basi, yaliyochumwa alfajiri hii yametandazwa kwenye mashuka sebuleni kwa kila mama aliyekaa humu, na huko Tunis na Sousse na Marseille wapo watu na simu zao wanangoja mlango ufunguliwe, wakiagiza, akina mama watawasha majiko na kukeneka maji wao wenyewe, tone kwa tone kutoka kwenye sufuria zao za shaba, na chupa zitabeba jina lao, wasipoagiza, adhuhuri maua yatakuwa yamelegea na hapo hakuna tena cha kujadili, yatakwenda kwenye mizani ya Si Hachmi kama mwaka jana na mwaka uliotangulia, kwa hiyo fikiri, mzee, fikiri, acha kulitazama jasho lako, itakuwa saa ya kompyuta, saa ikipotea kompyuta huona kila cheti, ile hati inayothibitisha kufuli la tovuti, kimeoza, hapana, saa iko sawa, basi mtandao wa ukumbi huu, huenda ndio unaojiingiza katikati, akabonyeza pale penye maelezo zaidi, herufi ndogondogo zikajipanga ukutani mbele ya kadamnasi: cheti cha tovuti hii kilikwisha jana... kilikwisha, jana, vipi, na mimi nilipata ujumbe kabisa, niliupata nikiwa kwa muuza lablabi, ile supu ya dengu, kijiko mkononi, simu ikalia, cheti chako kimesasishwa salama, nikamwonyesha hata muuza lablabi kwa kiburi, naye akaniambia hongera, Mungu amkuze, nadhani alidhani nimepata mjukuu, sikumsahihisha, ilikuwa hongera na hongera haikataliwi...

na kweli ilistahili hongera, kwa mtu anayekumbuka zamani, kule Montréal enzi za ujana na nywele, cheti kilikuwa shughuli ya kuombea likizo, uandikie kampuni, ulipe, utume karatasi za kuthibitisha kwamba wewe ni wewe, ungoje, ukipate, ukibandike kwa mkono, kisha uandike kwenye kalenda siku kitakapokufa, na kila mwaka mtu mmoja alisahau na duka zima likafungwa, halafu wakatokea watu ambao hata hajui sura zao wakasema hii isiwe biashara, wakaandika programu na kuiacha wazi kabisa, aione anayetaka, aisome, airekebishe, unaiweka kwenye seva inafanya yote, inaomba cheti bure, inaweka alama ndogo mlangoni pa tovuti, watoa vyeti wanakuja kubisha, wanaiona alama, wanasema sawa, mwenye nyumba ndiye huyu, wanatoa cheti cha miezi michache, na kabla hakijaisha programu inaamka yenyewe na kuomba kingine, wewe uko kwa muuza lablabi, na katika kazi hiyo kubwa ya wanadamu Lassaad naye ana mchango wake, ndiyo, siku moja aliona katika maelezo ya matumizi pamekosekana mkato, akautuma, wakaupokea, wakamshukuru kwa jina, mkato mmoja, huo ndio urithi atakaouacha duniani, na hata huo sasa...

"Mwanangu," sauti ya Si Hachmi ilitoka nyuma, nzito, ya upole, sauti ya mtu anayemsaidia kipofu kuvuka barabara, "hapo chini, pale kwenye herufi za kijivu, pameandikwa endelea hata hivyo, bonyeza tu, mimi hubonyeza kila siku," na mmoja wa wageni akaitikia kwa kichwa, naam, hata sisi ofisini, na Najet kwa meno yaliyobanwa, "Bonyeza, Lassaad, watu wanangoja," na kweli lipo, herufi za kijivu, kidole kiko juu yake tayari, kubonyeza mara moja tu na tovuti hiyo hapo, picha za maua, chupa, majina ya akina mama, kila kitu kizima, hakuna mwizi humu, yeye anajua hakuna mwizi, ni tovuti yake, aliijenga sebuleni kwa mama yake akiwa na soksi za sufu, bonyeza, waonyeshe, cheka, endelea mbele, mambo madogo haya... ila msimu uliopita mtu asiyejulikana alichukua picha zao zilezile, akafungua ukurasa wenye jina linalokaribia la ushirika, watu wakalipita onyo kama hili, wakaagiza, wakaandika namba za kadi zao, chupa hazikufika, na waliolaumiwa walikuwa akina mama, mwanamke mmoja alitoka Hammamet akasimama mlangoni kwa Lella Chedlia, yaani Bibi Chedlia, na kumwita mwizi majirani wakisikia, Lella Chedlia, mkono mkongwe kuliko wote kwenye sufuria ya shaba, ambaye alimkaribisha ndani yule aliyemtukana, akampa kahawa, akamjazia chupa, na alipoondoka akalia kwa siku mbili, ndipo Najet alipomwambia Lassaad, wewe uliyetembea dunia nzima, una nini cha kutusaidia zaidi ya hadithi, na majira yote ya baridi ikawa ni somo uani kwa Lella Chedlia, akina mama na simu zao, blanketi magotini, ukiona ukurasa huu wa onyo usipite, unafunga simu unamwuliza mtu, na Lella Chedlia kwa miwani yake iliyofungwa uzi, "Na kama ni wewe uliyenitumia?" "Hata kama ni mimi, Lella." "Na kama ni binti yangu?" "Hata yeye." "Na kama nina haraka?" "Hapo ndipo usipite kabisa, mwizi anaipenda haraka yako," Lella akaitikia kwa kichwa, akasema basi hiyo haina tofauti na moto chini ya sufuria, ukiuharakisha unapata maji yanayonuka moshi, na leo mwalimu mwenyewe, mbele ya wanafunzi wake, kidole juu ya herufi za kijivu...

lakini kama kilisasishwa, kwa nini kimekwisha, tuanze hapo, ujumbe haukusema uongo, programu ile haijui kubembeleza, cheti kipya kipo, kimelala kwenye seva mahali pake, kizima, kina harufu ya upya, basi seva inawaonyesha watu kipi... inawaonyesha cha zamani, ah, ah Lassaad, punda wee, seva ikiwaka husoma cheti mara moja tu, inakishika kichwani, na haitazami tena mpaka uiambie itazame upya, na programu ina mahali maalumu pa kuandika hilo, ukishasasisha iamshe seva, mstari mmoja, ameuandika kwenye seva za mabenki ya watu huko Doha, na hapa, kwa ndugu zake, alisema atauandika baada ya kula, kuskusi ya mama ilikuwa mezani, na baada ya kuskusi kuna usingizi, na baada ya usingizi kuna kahawa, lakini mbona wakati wa baridi cheti kilibadilika bila taabu, mbona hakugundua, kwa sababu wakati wa baridi alikuwa haishi kuichokonoa, leo anaongeza picha ya Lella huyu, kesho anasahihisha jina la Lella yule, na kila akichokonoa anaizima seva na kuiwasha, nayo ikiwaka inasoma kipya, haki ya Mungu, ilikuwa inaponea mikono yake mibovu, kisha tovuti ikakamilika, akajipongeza, akaiacha ipumzike, na siku alipoacha kuigusa ndipo ilipoanza kuharibika, mambo ya namna hii huko Marseille wanayacheka baa nzima, hapa hakuna baa, hapa kuna ukuta...

na dawa ni amri moja tu, ila amri hiyo haiandikwi kwa siri, kompyuta inayoijua seva ni hiihii iliyofungwa kwenye projekta, akiufungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri kila mtu atauona, wageni wataona fundi wa kimataifa akikarabati alichokisifu sasa hivi kuwa hakihitaji fundi, ama hivyo ama herufi za kijivu, na herufi za kijivu ni nyepesi jamani, ni nyepesi, akainua macho kumtafuta Najet, ampe ishara, na macho yakapita kwanza kwenye safu ya mbele, kwenye magoti ya akina mama, simu zote, zote zimelazwa kifudifudi, maana wote walikuwa wamefungua tovuti pamoja naye kama walivyopanga, wote wamekutana na pembetatu ileile, na hakuna hata mmoja aliyepita, wala mmoja, wamezilaza simu, wamekunja mikono, wanamngoja, si kwa hasira, wanamngoja kama alivyowaambia, funga simu umwulize mtu, na huyo mtu ndiye yeye, akaona kwamba kwa dakika zote hizi alikuwa akiutazama ukuta usiofaa, kwamba tovuti imeshindwa na fundi ameshindwa lakini somo limesimama, wanawake hawa ambao mwaka jana waliibiwa hata jina leo hawaibiki, hata na mwalimu wao, hata wakiwa na haraka, hata maua yakilegea sebuleni, na kwamba akibonyeza zile herufi za kijivu atakuwa mtu wa kwanza humu ndani kuwavunjia somo hilo, afadhali aibu, aibu amekula nyingi katika nchi nyingi, haijawahi kumnyima usingizi wa mchana, akakiondoa kidole, akalikohoa lile neno lililobaki, akasema, bila mzaha, na akashangaa sauti yake ilivyo bila mzaha, "Akina mama, msipite, mko sawa, na mimi nimekosea. Cheti kipya kipo, kilikuja kabla ya wakati, kiko ndani ya seva salama salimini, ila seva bado inashika cha zamani, kwa sababu yenyewe haijui kwamba kipya kimefika mpaka iambiwe, na wa kuiambia nilikuwa mimi, sikuiambia, nilidhani..." na ukuta ulikuwa vilevile, pembetatu vilevile, kikombe cha Si Hachmi kimesimama katikati ya sahani na mdomo, na Lella Chedlia, safu ya mbele, akaiweka sawa miwani yake na kumkata.

"Inakusikia?"

"Nani, Lella?"

"Hiyo seva."

"Inanisikia, ndiyo, ni amri moja tu, ila itabidi niifungue hapa mbele ya wageni, na ningependa kwanza nieleze kwamba kwa kawaida..."

"Basi iambie, halafu ukae chini."