Daraja la Bonde la Tackett

Kikao cha kwanza cha kaunti kuhusu kulipua mlima ili kuchimba makaa ya mawe kiliwaponyoka watu wa Bonde la Tackett kabla hakijaanza. Kila nyumba iliyounganishwa ilipoingia mtandaoni kukihudhuria, mtandao wote ukazimika. Wajumbe kule mjini wakangoja kidogo, kisha wakaandika kwamba wakazi hawana pingamizi.

Lawama zote zilimwangukia Wilma Ratliff, msimamizi wa mtandao. Yeye na majirani walijitandazia nyaya wenyewe baada ya makampuni kukataa kuingia bondeni. Nyaya hizo zilikutana kwenye daraja, kisanduku kilichofungwa nyuma ya kanisa, ambacho kazi yake ilikuwa kupokea mawasiliano ya bonde zima na kuyapitisha hadi mnara wa kileleni.

Karani wa kaunti akampigia simu. "Bi Ratliff, mmelalamika, basi kikao kitarudiwa Alhamisi. Ila chagueni mtu mmoja awasemee. Mtandao wenu hauwawezi."

"Mtandao ni wetu na midomo ni yetu," Wilma akasema. "Tutakuja wote."

Binamu yake Dewey, mwenyekiti wa ushirika wa mtandao huo, alishika kichwa aliposikia. "Umetutia kitanzini, Wilma. Tuzime nusu ya nyumba, tuokoe nusu."

"Haya, tuanze na yako."



Wilma alikuwa tayari kuapa kwamba daraja linaelemewa na uzito wa data. Akalipitishia filamu kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Likaipitisha bila hata kukohoa. Basi si uzito, akajiambia, ni wingi wa watu. Na wingi hakuweza kuuigiza peke yake.

Jumamosi adhuhuri majirani walifika kanisani na masufuria ya maharage na mikate ya mahindi, kila mmoja na simu yake. Mzee Orville Stumbo, aliyeharibiwa kifua na vumbi la makaa, alikuja akikokota mtungi wake wa oksijeni.

"Nifanye nini, binti?"

"Livunje, mzee. Fungua kila unachokijua kwenye simu yako."

"Maisha yangu yote naambiwa nisiguse kitu. Leo naambiwa nivunje."

Wilma alichuchumaa kando ya kisanduku, kompyuta mapajani. Watu walipofungua kwa pamoja, daraja likafa. Ujumbe mmoja ukajirudia kwenye skrini: kumbukumbu ya miunganisho imejaa. Daraja lilikuwa linajaribu kukumbuka nani anazungumza na nani, kila mmoja wao. Kumbukumbu ikijaa, wanaokuja nyuma wanafungiwa mlango.

Akaipanua kumbukumbu. "Rudieni."

Likahimili kidogo, likaanguka tena.

"Nilikwambia," Dewey akasema.

Wilma alikuwa akijiuliza kwa nini daraja limkumbuke mpitaji hata kidogo. Kukumbuka huko kulikuwa kwa ajili ya ulinzi, na ulinzi ulikuwa kazi ya mashine ya mnarani kileleni. Daraja ni la kupita tu, haliulizi mtu anakwenda kwa nani. Akaizima kumbukumbu yote.

"Rudieni."

Simu zikafunguka. Watoto wakaongeza michezo, Mzee Orville akafungulia nyimbo za injili kwenye simu mbili kwa mpigo. Daraja halikutikisika. Wilma akajikalia majanini.

Alhamisi nyuso za bonde zikajaa kwenye skrini ya ukumbi wa kaunti, nyingine zikiwa jikoni, moja juu ya trekta. Mwenyekiti wa kikao akauliza msemaji wao ni nani.

"Sote," Wilma akasema. "Anza na Mzee Stumbo."

"Mzee ana dakika mbili."

"Pumzi yangu ni fupi, kijana," Mzee Orville akasema, "kwa hiyo nitachelewa kumaliza. Na ninyi mnajua nani aliifupisha."

Hakuna aliyemkatiza. Baada yake wakafuata wengine, mlango kwa mlango, mpaka wajumbe wakawasha taa. Kibali cha kulipua mlima hakikutolewa wala hakikukataliwa. Wakasema watasikiliza tena mwezi ujao.

"Wanatuchosha makusudi," Dewey akasema.

"Watachoka wao," Wilma akasema. "Jirani zetu kina Hylton kule juu bado hawana waya, nao hawajasema neno. Lete ngazi."