Herufi za Bibi

Ofisini walimwita Bibi, na hata miaka thelathini hajafika. Jina alibandikwa na mchoraji, wiki tatu nyuma, siku alipochungulia simu ya Bibi akakuta herufi zimevimba, maneno manne yamejaza skrini nzima. "Shikamoo Bibi," akasema, watu wakacheka mpaka basi. Yeye akaitikia marahaba, akaendelea na kazi.

Kazi zao zilifuatana. Mchoraji alichora kurasa za tovuti zitakavyoonekana. Bibi alizipokea na kuzifanya zifanye kazi kwenye simu za watu. Na mchoraji, tusimnyime haki yake, mkono alikuwa nao. Ukurasa wa kuweka miadi kwenye kliniki ya macho aliuchora ukapendeza kweli: juu picha ya jicho, katikati orodha ya siku, chini vitufe viwili vimekaa bega kwa bega, cha kughairi na cha kuthibitisha.

Ila kwenye mchoro, ajabu, kila mgonjwa ana jina fupi na kila simu ni mpya. Bibi alirudi mezani kwa mchoraji mara tisa. Jina likiwa refu liende wapi? Mtu akikuza herufi, kitufe kikae wapi? Mchoraji akamjibu kwa mkato kwamba ajenge kilichochorwa. Basi akaleta ukurasa ambao, herufi zikikua, picha ya jicho inajiondoa na vitufe vinapangana kimoja juu ya kingine. Hapo mchoraji akaja juu. Alikwenda moja kwa moja kwa meneja, akasema Bibi anamharibia kazi.

Meneja, mtu asiyependa kelele, akataka ujengwe na ukurasa wa pili, unaofuata mchoro nukta kwa nukta. Bibi akaujenga bila kununa. Mchoraji achague mmoja kabla ya saa kumi jioni, na huo ndio wagonjwa watakaoukuta kesho.

Moyoni mchoraji alishachagua wake zamani. Mchana alipita nyumbani kula, na kwa kuwa mama yake hutibiwa kliniki hiyo hiyo, akataka asifiwe kidogo. Nani hapendi? Macho ya mama yalikuwa yanafifia, lakini msimamo wake ulikuwa mmoja: miadi yake ataiweka mwenyewe, hataki kumwomba mwanawe kila mwezi. Mchoraji akamfungulia ukurasa wake kwenye simu ya mama.

Herufi za simu ile zilikuwa zimevimba, maneno manne skrini nzima. Miaka yote alikuwa akiiona, na hakuwahi kuitazama.

Mama akausifia, akachagua siku. Akasogeza juu, akasogeza chini, akaisogeza simu karibu na pua.

"Sasa mwanangu, nabonyeza wapi?"

Hapakuwa na pa kubonyeza. Jina lake refu lilimwagika juu ya orodha, na kitufe cha kuthibitisha kilisukumwa nje ya kioo, kikabaki cha kughairi peke yake. Mama alijaribu mara tatu, kisha akamrudishia simu. Akasema labda macho ndiyo yamekwisha kabisa, basi amwekee yeye tu.

Lo, hilo lilimchoma. Akamwambia kosa si la macho yake hata kidogo, akamfungulia ukurasa wa Bibi. Lile jicho alilolichora kwa siku mbili halikuwepo, wala hakulikumbuka. Jina la mama lilikaa kwa mistari miwili, limetulia. Kitufe kilitanda upana mzima wa simu. Mama akakibonyeza kwa kidole gumba, hakuuliza kitu.

"Jumanne, saa tatu asubuhi," akasema, akarudi kwenye sahani yake.

Saa tisa na nusu mchoraji alikuwa mezani kwa Bibi. Alishapita kwa meneja, akayafuta maneno yake na kuchagua ukurasa wa Bibi. Alibaki na swali moja: zile herufi za simuni ni za nini, na macho yake mazima?

"Nilizikuza siku tulipopewa kazi ya kliniki," Bibi akasema. "Nisipokwama mwenyewe, nitajuaje watu wanakwama wapi?"

Wiki tatu anachekwa, na hakujitetea hata siku moja. Mchoraji aliona aibu, na zaidi ya aibu alimheshimu kuliko fundi yeyote aliyewahi kufanya naye kazi. Akaitoa simu yake mfukoni.

"Nikuzie na zangu," akasema. "Mpaka mwisho."

Bibi akazikuza mpaka maneno manne yakajaza skrini, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Shikamoo Babu."

Akaitikia marahaba.