Ubao wa Sita wa Kilibula

Nilikuwa nimefika kwenye P ya neno MPAKA, ubao wa nne, pale Kasenga mbele ya fundi viatu, mama mmoja aliposimama chini ya ngazi yangu. Sikugeuka. Herufi ikiachwa katikati hukauka na mshono. Nilimaliza P, nikaandika A, K na A ya mwisho, ndipo nikashuka.

"Baba, ni weye unaandika masaa ya barabara?"

"Ni minye, mama."

Alikuwa mtu wa milimani, kanga imefungwa begani, miguu myeupe kwa vumbi mpaka magotini. Alisema anaitwa Mukabera, mama ya Bisengimana, na kwamba mume wake alishakufa. Kisha akatazama ubao kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka wa 1964. Barabara kubwa ya Uvira iligawanywa katikati kwa mawe ya chokaa. Upande wa mlima ulikuwa wa watu, baiskeli na mifugo. Upande wa ziwa ulikuwa wa mabasi na malori, lakini kwa masaa tu; nje ya masaa hayo mtu yeyote alivuka na mifugo yake. Wazungu waliweka tangu saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi. Uhuru ulipokuja ikawa mpaka saa nne. Wanajeshi wa serikali wakarudisha saa tatu. Sasa wapiganaji walioshika mji mwezi wa tano walitaka mabasi yote yabebe watu kwenda vitani Kamanyola, wakasogeza masaa mpaka saa kumi na mbili jioni. Saa hiyohiyo ndiyo raia wote waliamriwa kuwa ndani ya nyumba zao. Mbao ni sita, na kila mara niliyeziandika ni mimi. Ukigonga ubao wa kwanza kwa kucha unasikia unene wa serikali nne.

"Ngombe zangu ziko Kilibula," akasema Mukabera, akainua vidole vinne. "Ine. Mwanangu anazishika, upande wa mlima, tangu saa sita. Tunazipeleka kwa Ezechiel, mwalimu wa kanisa. Nyumba yake iko ng'ambo, upande wa ziwa. Tunaiona. Hata moshi wake tunausikia puani."

"Ni za mahari?"

"Za mahari. Kesho alfajiri Ezechiel anapanda mtumbwi na watoto wake wote, wanakimbilia Usumbura, ng'ambo ya ziwa. Ngombe zisipoingia kwake leo, binti yake, muchumba wa mwanangu, anaenda nao. Akishavuka, nani atamurudisha?"

"Ngojeni jioni, basi likishapita la mwisho."

"Jioni watu wote ndani. Na hata bila hiyo, ngombe ya mahari haiingie na giza. Baba ya binti anapaswa aone kwato, aone macho, ikamuliwe kwake jua likingali. Ukiipeleka na giza, unaficha kilema. Minye sifiche kitu."

"Na mukivuka sasa?"

"Mulinzi wa Kilibula alisema mnyama akikanyaga upande wa mabasi, anakwenda jikoni ya wapiganaji."

Nikapangusa brashi. "Mama, minye ninaandika saa. Sizipange."

"Ninajua," akasema. Akakaa juu ya jiwe la chokaa, akaanza kutoa mwiba kwenye kisigino. Hakulia wala hakuniomba kitu. Nadhani alikuwa amechoka kama mimi.

Nikapanda tena, nikaandika SAA 12 JIONI.

Herufi nilijifundisha mwenyewe, kwa kunakili masanduku ya sabuni na magunia ya chumvi. Mtu aliyejifundisha hawezi kuruka hatua. Akiruka, hajui tena arudi wapi. Ndiyo maana naandika mbao kwa mpangilio, kwanza wa kwanza, mwisho wa sita. Lakini nilipokuwa nafunga kopo niliona chini ya kapu vitambaa viwili vyekundu vya kufungia njia. Mzungu aliyeniajiri zamani alikuwa ameweka kanuni: kiangazi, rangi ikiwa mbichi, mwandishi anafunga upande wa mabasi dakika ishirini ili vumbi lisishike herufi. Kanuni hiyo haikufutwa na mtu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeacha kuitumia, kwa kuchoka kutukanwa na madereva.

"Twende, mama," nikasema.

Tulipita ubao wa tano bila kusimama. Niliusikia mgongoni kama kiatu kisichofungwa.

Kilibula, penye ubao wa sita, tulifika baada ya saa kumi. Ngongo, mlinzi, alikuwa amekaa juu ya pipa, na upande wa mlima Bisengimana alikuwa bado anashika ng'ombe. Zamani alikuwa mwashi, tulijuana.

"Alimasi, leo hesabu imekupotea? Wa tano uko wapi?"

"Utangoja."

"Kila serikali inakupa kazi, weye. Ungepaswa kunenepa."

"Rangi hailiwe, Ngongo."

Nikasimamisha ngazi, nikafunga kitambaa kimoja kila upande wake, kukata njia ya mabasi. Maneno ya mwanzo niliyaandika haraka kuliko kawaida yangu. Nilikuwa kwenye SAA ya pili basi lilipotokea upande wa Sange, likasimama mbele ya kitambaa. Lilijaa wapiganaji waliorudi Kamanyola, majani ya kinga yamenyauka vichwani. Wengi walilala wameegemea vioo. Mmoja akafungua macho.

"Muzee, itachukua wakati gani?"

"Dakika makumi mbili. Ni sababu ya vumbi."

"Andika polepole," akasema, akarudisha paji la uso kwenye kioo.

Nikamwangalia Ngongo. "Wapitishe."

"Amri inasema mnyama asikanyage upande wa mabasi."

"Basi liko wapi?"

"Si lile pale?"

"Limesimama. Rangi ikiwa mbichi, upande huu si wa mtu."

"Weye utanifungisha," akasema. Kisha akageuza mgongo, akawasha sigara. Upepo wa ziwa ulimzimia njiti tatu, naye hakuwa na haraka na ya nne.

Bisengimana alipiga mluzi mdogo. Ng'ombe watatu walipita. Wa nne akasimama katikati kabisa, akainua mkia, akaacha mzigo wake. Mukabera alimsemesha kwa lugha yao, taratibu, mpaka akaendelea.

"Hiyo utaifuta weye," Ngongo akaniambia bila kugeuka.

Nilikuwa nimeandika SAA 12 J. Nikashuka, nikafungua vitambaa, na basi likapita. Vumbi likainuka, likaishika ile J yote.

Nikapanda tena, na toka juu ya ngazi nikaona ua wa Ezechiel. Alizunguka kila ng'ombe, akainama penye kwato, akafungua mdomo wa mmoja. Kisha akaita nyumbani, na binti mmoja akatoka na chombo cha maziwa. Mukabera alichuchumaa, akaanza kukamua.

Jua lilikuwa limegusa mlima. Ngongo akasema turudi, saa ya kuwa ndani imekaribia. Nikafunika kopo, nikafunga brashi kwenye kitambaa chenye mafuta.

Kesho nitakwangua J, niiandike upya, kisha IONI. Nitarudi kwenye ubao wa tano, ambao bado unasema saa tatu. Ofisini wataniuliza kwa nini niliuruka.